Mbuzi Aliyefungwa kwenye Bomba

Jumatatu, 10 Februari

Muhula umeanza. Wanafunzi thelathini na mmoja, viti ishirini na sita. Somo langu ni lile lile la kila mwaka: Wagiriki wa kale walijijuaje kuwa ni Wagiriki? Nimewapa swali langu la kufungulia. Watu waliotawanyika katika mamia ya miji, kila mji na sheria zake na ugomvi wake, hawana mfalme mmoja wala pasipoti, nani aliwaambia kuwa wao ni kitu kimoja? Wakainama kuandika. Mvua ya saa tisa ikapiga mabati ya karakana ya jirani hadi sikusikia sauti yangu mwenyewe.

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa Doornfontein, katika chumba cha walimu, hakuna anayekisoma. Tena ndicho alichonifundisha mama kuandika kabla hatujaja huku kutoka Tanzania. Kukisema, nakisema na watu wawili tu, mama na baba, na wao kwa wao hawajasemezana tangu nikiwa darasa la tano.

Alhamisi, 13 Februari

Mvua ya mawe. Nimeshinda ndani nikisahihisha.

Jumamosi, 15 Februari

Shangazi Thoko amenipigia simu. Hajawahi kunipigia hata siku moja. Ni dada mkubwa wa baba, na baba anaishi kwake Katlehong tangu alipoachana na mama. Mimi humtembelea baba siku za sikukuu, nakaa sebuleni na mkoba wangu mapajani, nakunywa chai, naondoka. Shangazi hanifukuzi, ila hanikaribishi jikoni.

"Perpetua," alisema, "baba yako ameanguka. Sasa amerudi kutoka hospitali na anaongea kitu hatukielewi. Njoo."

Nimemkuta kitandani, mkono wa kulia umelala kama si wake. Kiharusi kimechukua Kizulu chake. Kiingereza nacho kimekwenda. Kilichobaki ni Kiswahili, kile cha Morogoro, alichokiokota kambini Mazimbu akiwa kijana aliyekimbia nchi yake. Daktari kasema hutokea hivyo.

Baba aliponiona akasema, wazi kabisa, "Huyu dada ananiletea uji hauna sukari."

"Uthini?" shangazi akauliza. Anasemaje?

"Anataka sukari kwenye uji."

Shangazi akaegemea mlango. Ana miaka sabini na sita, na ndiye aliyembeba baba mgongoni alipokuwa mchanga. "Wiki nzima analia," akasema. "Wiki nzima, kumbe ni sukari." Halafu akafunika uso kwa aproni.

Jumatatu, 24 Februari

Leo somo lilikuwa la wale wasio Wagiriki, watu ambao usemi wao masikioni mwa Wagiriki ulikuwa ba-ba-ba tu, wakaitwa kwa sauti hiyo. Darasa zima likageuka kumtazama Pitchou, mtoto wa Wakongo wa mtaa wa Berea, kwa sababu kila mtu hapa anajua jina la namna hiyo tunaloitwa wageni mitaani. Pitchou akacheka kwanza kabla hawajamcheka. Nilifanya hivyo hivyo nilipokuwa na umri wake.

Jumamosi, 8 Machi

Siku hizi kila Jumamosi niko Katlehong kutafsiri. Maji, bedpani ya haja, dirisha, fungueni, fungeni. Shangazi ananingojea getini. Leo kanipa chai jikoni.

Toka jikoni unaliona bomba la uani. Niandike jambo hili lote, maana nimelibeba kwa miaka thelathini na nne.

Tulipofika mwaka tisini na moja nilikuwa na miaka saba. Baba alikuwa amerudi kwao na mke Mluguru, nesi wa hospitali ya kambi, na mtoto asiyejua neno la Kizulu. Nyumba hii ina desturi yake: mtoto hupelekwa kwa wazee waliotangulia. Huchinjwa mbuzi, baba husimama na kuyaita majina ya ukoo na kusema, huyu ni wangu, mpokeeni. Hapo ndipo mtoto anakuwa wa nyumba hiyo. Mbuzi wangu alikuwa mweupe mwenye sikio moja jeusi. Walimfunga kwenye lile bomba Ijumaa jioni nami nikamlisha maganda ya viazi. Asubuhi hayupo. Kamba haipo. Watu wazima wakafokeana kwa lugha nisiyoijua, shangazi mikono kiunoni, mama kimya. Wageni wakaondoka bila kula.

Sikuambiwa na mtu, ila nilielewa. Shangazi hakunitaka nyumbani kwao, akamwondoa mbuzi wangu. Nimemchukia kwa hilo maisha yangu yote, na leo nimekunywa chai yake.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua zimepungua. Somo la leo sikulimaliza.

Kule Athene, kila vuli, baba aliyepata mtoto alimpeleka mbele ya wenzake wa undugu mmoja pamoja na mnyama wa kuchinja. Akaapa kuwa mtoto ni wake, wa mke halali. Aliyekuwa na pingamizi hakuhitaji hotuba. Alikwenda madhabahuni, akamshika mnyama, akamwondoa. Mnyama akishaondolewa, mtoto si wao.

Lerato, anayekaa mbele, akasema, "Kwa hiyo ni Home Affairs yenye kondoo."

Walicheka, na mimi nikacheka; Home Affairs ndiyo ofisi inayoamua nani raia na nani mgeni. Halafu nikawaambia wajisomee kimyakimya hadi kengele, nikageukia ubao nikaufuta, ingawa haukuwa na kitu.

Jumamosi, 29 Machi

Nimelisema. Nimekunja vidole chini ya meza ya jikoni nikamwambia shangazi ninachotaka. Nataka kufanyiwa kile ambacho hakikufanyika, baba angali hai wa kusema mwenyewe. Sitaki nyumba wala kiwanja. Akifa baba kabla ya hapo, mazishini nitakaa kwenye viti vya plastiki na majirani, na wanaokaa mkekani, wenye msiba, watakuwa wengine.

Nilijua atakataa. Nilikuwa nimeshaandaa hasira.

"Mimi nilimnunua yule mbuzi," shangazi akasema. "Kwa mshahara wangu wa kufua nguo za watu. Kwa nini leo unaniomba kama mimi ndiye niliyekunyima? Muulize mama yako."

Jumapili, 30 Machi

Sikuweza kumwuliza mama. Nimerudi Katlehong nikamwuliza baba. Shangazi alikuwa kanisani.

 Maneno ya baba hutoka polepole, lakini yanatoka mazima.

"Mbuzi alifunguliwa na mama yako," akasema. "Alfajiri. Nilimwona dirishani. Akamtoa getini, akarudi na kamba mkononi."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikanyamaza. Watu walipomlaumu dada, nikanyamaza vile vile. Nilisema moyoni, dada ni wa hapa, hata wakimnunia atakula na kulala. Mama yako alikuwa mgeni, angekula wapi?"

Nikamwambia, baba, na mimi je, nilikuwa nani? Akafumba macho. Nilidhani amelala, kisha nikaona chozi linakwenda sikioni, nikalifuta kwa kidole gumba. Nina hasira na watu wawili na mmoja wao siwezi kumfokea.

Jumamosi, 5 Aprili

Berea. Mama anapanga chumba katika fleti ya Victorine, msusi kutoka Bukavu. Victorine ndiye aliyefungua.

"Maman Perpetua, mutoto amefika," akaita ndani. "Lakini macho yake haiko muzuri. Miye natoka kidogo, museme byenu."

Mama alikuwa anachambua mchele dirishani. Nilimwuliza nikiwa bado nimesimama. Hakukana. Hata sinia hakuliweka chini.

"Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama," akasema. "Baba yako alilijua hilo tangu anakuja kunichumbia. Wewe ni wa ukoo wangu, wa mama yangu, wa bibi yangu. Nikawasikia wale wanasema kesho tunamchukua mtoto, tunamweka kwetu. Ningemjibu nini mjomba wako?"

"Ilikuwa ni kunitambulisha tu, mama."

"Nilikuwa na miezi miwili katika nchi hii. Sina cheti kinachokubalika, sina ndugu, sina lugha. Nilikuwa na wewe. Wangekuweka kwao, na siku baba yako akinichoka ningetoka na nini? Na alinichoka kweli. Nilitoka na wewe."

"Ukaniacha nimchukie shangazi miaka thelathini na nne."

"Ndiyo," akasema. "Hilo nilikosea."

Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Nilitoka bila kuaga, nikashuka ngazi ghorofa tisa kwa miguu. Nimefundisha miaka kumi na miwili habari za mtu anayemwondoa mnyama madhabahuni, na sikupata hata siku moja kumwazia mtu huyo kuwa ni mama.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mama kapiga simu mara tatu. Sikupokea.

Jumanne, 22 Aprili

Baridi ya kwanza. Nimetoa koti.

Jumatatu, 5 Mei

Hadithi ya mfalme wa Makedonia aliyetaka kukimbia katika michezo ya Wagiriki. Wenzake wakasema michezo hii si ya wageni. Akasimama akahesabu mababu zake mmoja mmoja hadi kwenye mji wa Kigiriki, waamuzi wakaridhika, akakimbia. Ni hadithi ninayoipenda kuisimulia. Inanipa moyo kila mwaka.

Pitchou, ambaye huwa hasemi, akainua mkono. "Madam, kuna aliyemwuliza mama yake?"

Nikamwambia vyanzo havisemi. Akaandika hivyo kwenye daftari lake, vyanzo havisemi, akapiga mstari chini yake. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa namwona mama alfajiri ile, mwanamke wa miaka thelathini na sita, gauni la kulalia na koti la kuazima, akimkokota mbuzi katika mtaa ambao hajui hata jina lake. Alimwachia wapi? Sikumwuliza.

Jumamosi, 17 Mei

Siku imewekwa. Tarehe 31, Jumamosi. Baba mdogo Mfanafuthi, mdogo wao, amempata mbuzi huko Heidelberg, nje ya jiji.

Baba mdogo alikuwa na neno moja. Bhekizizwe, ndilo jina la baba, atawaitaje wazee kwa lugha ya kigeni? Watamsikia kweli?

Shangazi hakuinua macho kutoka kwenye maharage. "Miaka kumi na tano alikuwa nao huko Tanzania," akasema. "Walimlinda kwa lugha gani? Hhayi, Mfana, wanakijua."

Aliponisindikiza getini akanishika kiwiko. "Mwambie mama yako aje. Ila safari hii mbuzi analala chumbani kwangu."

Nimecheka hadi robot ya pili, zile taa za barabarani. Kisha nikalia kidogo, si sana.

Jumamosi, 24 Mei

Nimekwenda Berea. Nimemwambia mama tarehe. Nikamwambia pia alichosema shangazi kuhusu mbuzi, na mdomo wa mama ukacheza upande mmoja.

"Kule kuna baridi asubuhi," akasema. "Nivae nini?"

Sikumwomba radhi wala yeye hakuniomba. Tumekula wali na mchicha. Nilipomwuliza alimwachia wapi yule mbuzi, akasema alimfikisha kwenye uwanja karibu na hosteli ya wanaume, akamwambia kwa Kiluguru aende, na mbuzi akakataa. Akawa anamfuata. Ilibidi amtupie mawe.

Jumatano, 28 Mei

Kiharusi cha pili. Wamemhamishia hospitali kubwa ya Parktown.

Alhamisi, 29 Mei

Baba amefariki saa nne asubuhi.

Jumamosi, 31 Mei

Leo ndiyo ilikuwa siku yangu. Nitajaribu kuiandika yote kwa mpangilio.

Kwao mtu akifia hospitali, roho yake haiachwi pale. Huendewa na tawi la mti wa miiba wanaouita umlahlankosi. Anayelishika tawi husimama alipofia mtu, humwambia tumekuja kukuchukua, kisha njia nzima humweleza kila kona na kila mto ili asipotee. Garini kiti kimoja huachwa kitupu, ni chake. Na mshika tawi hasemi na mtu yeyote mpaka wafike. Husema na marehemu tu.

Tulikuwa watatu: baba mdogo kwenye usukani, shangazi, na mimi nimekuja kusindikiza. Tawi alikuwa nalo baba mdogo. Pale mlangoni mwa wodi akaanza kuyaita majina ya ukoo, vizuri, kwa sauti. Shangazi akamshika mkono.

"Ngoja. Miezi mitatu hakutusikia. Nilimwambia maji, hakusikia. Nilimwambia mdogo wangu, nakupenda, hakusikia. Leo atasikiaje kuwa tunakwenda nyumbani?"

Akalichukua tawi akanigeukia. "Wena, mntanomfowethu. Shika."

Mtoto wa ndugu yangu. Hajawahi kuniita hivyo, na tawi hilo halishikwi na mgeni. Nikalishika. Miiba ikaingia kidoleni.

Nikasema, "Baba, ni mimi, Perpetua. Nimekuja na dada yako na mdogo wako. Inuka, twende nyumbani."

Tulishuka kwa ngazi kwa sababu lifti zina watu wengi na angesukumwa. Nilimhesabia ngazi. Tukafika garini, nikaketi nyuma, tawi mapajani, kushoto kwangu kiti chake. Ndipo nikamwona mama.

Alikuwa amesimama karibu na lango, amevaa koti la Victorine na kitenge kichwani. Ametoka Berea kwa miguu. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi. Baba mdogo hakuwa amewasha gari bado. Mama akaja akafungua mlango ule wa upande wa baba, akainama akanitazama.

"Perpetua, niingie? Kuna nafasi?"

Nami siruhusiwi kusema naye.  Shangazi mbele aligeuka, akamwona. Kwa hiyo nikasema na yule niliyeruhusiwa kusema naye.

"Baba, mama amekuja. Yuko mlangoni, upande wako. Anauliza kama kuna nafasi."

 Mama alikitazama kile kiti kitupu na tawi mapajani mwangu, akaelewa. Alikuwa nesi miaka mingi, anajua kiti cha mgonjwa. Alingoja kidogo, kweli alingoja, kama ambaye anategemea ajibiwe. Kisha akasema polepole, "Basi mwache akae vizuri."

Akauvuta mkanda, akaupitisha juu ya kiti kile kitupu, akaufunga. Akaujaribu kwa mkono kama umekaza. Halafu akaufunga mlango taratibu kutoka nje.

Shangazi Thoko akalia kwa sauti. Gari likaondoka. Sikugeuka, maana ningegeuka ningemwita, na ningemwita baba angepotea.

Nikamwambia, baba, hii ni Hillbrow. Hapa ni Doornfontein, pale ndipo ninapofundisha, ghorofa ya tatu, dirisha lenye karatasi. Sasa tunaingia barabara kuu. Hapa kuna daraja, usiogope. Alberton hii. Robot nyekundu, tunangoja. Sasa ni Katlehong, unaona moshi. Huu ni mtaa wenu. Hili ni geti. Lile ni bomba.

Jumapili, 1 Juni

Mbuzi amechinjwa kwa ajili ya kumpokea baba. Nilimwuliza baba mdogo kama neno langu haliwezi kusemwa hapo hapo, mbuzi ni yule yule. Alisikitika kweli. Akasema mbuzi mmoja habebi maneno mawili, na tena aliyepaswa kunisemea ndiye huyu anayepokelewa. Tungoje mwaka wa msiba uishe, kisha wataangalia. Asiyekuwepo na lake halipo. Nilisaidia kukata vitunguu.

Jumamosi, 7 Juni

Tumemzika. Umande ulikuwa umeganda kwenye majani. Nilikaa mkekani, kati ya shangazi na ukuta. Wasifu uliposomwa walisema ameacha dada, mdogo wake wa kiume, na Perpetua aliyemleta nyumbani. Hawakusema mtoto.

Jumapili, 8 Juni

Berea. Victorine katupikia sombe, kisamvu cha kwao, akatuacha.

Mama alitaka aambiwe njia yote tuliyopita. Nikamweleza, robot kwa robot. Alikuwa ananikatiza. Darajani ulimwambia? Nilimwambia. Nikamwambia kuhusu mbuzi pia, na jibu la baba mdogo.

"Mara ya pili mbuzi wako anapotea," akasema. "Safari hii si mimi."

Tulicheka kidogo. Kisha akakishika kidole changu akakigeuza dirishani, akaona mwiba bado umo. Akaleta sindano, akaipitisha kwenye moto, akavaa miwani.

"Na mkekani walisema wewe nani?"

"Walisema mimi ndiye niliyemleta baba nyumbani."

Aliutoa mwiba, akauweka kwenye kiganja chake, akautazama.

"Miaka minne niliishi naye katika nyumba ile," akasema. "Kila siku alikuwa anatazama njia, kama ambaye hajafika. Mimi sikuweza kumfikisha."

Kesho mtihani. Nimeliondoa swali la mfalme wa Makedonia aliyehesabu mababu tu.